Geuza Upande wa Nyuma: Kukusanya Postikadi za Belarusi Zilizopita Posta

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, na ndugu zangu wakusanyaji wa stempu na postikadi,

Nimeombwa nieleze kwa nini mtu wa Dar es Salaam atumie fedha na jioni zake kukusanya postikadi zilizokwishatumika za Belarusi, nchi isiyo na pwani wala mlima mrefu, ambayo wengi wetu hulisikia jina lake pale tu inapotajwa katika habari za siasa za Ulaya. Jibu langu ni moja, na hotuba hii yote ni ufafanuzi wake. Ardhi ya Belarusi imepita mikononi mwa watawala wengi ndani ya karne moja na ushei, na kila mtawala alipofika alibadilisha stempu, mihuri, herufi na hata majina ya miji. Kwa hiyo upande wa nyuma wa postikadi, ule wenye anwani na maneno ya mtumaji, umebeba historia ya nchi ile kwa usahihi ambao picha ya upande wa mbele haiwezi kuufikia. Picha ilichaguliwa na mchapishaji aliyetaka kuuza. Upande wa nyuma uliandikwa na mtu aliyetaka kufikisha neno kwa mtu mwingine, kisha posta ikautia tarehe.

Ndiyo maana kadi safi kabisa, ambayo haijawahi kuguswa na kalamu, hainivutii sana, hata pale muuzaji anapoisifu kwa usafi wake na kuipandishia bei. Nipeni iliyokunjika pembe, yenye muhuri unaosomeka na maneno matatu ya salamu, nami nitakaa nayo usiku kucha.

Kadi ya kwanza ya posta duniani ilitolewa na Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Dola ya Urusi, ambayo wakati huo ilitawala ardhi yote ya Belarusi ya leo kupitia majimbo ya Minsk, Vitebsk, Mogilev, Grodno na Vilna, ilianza kutoa za kwake mwaka 1872. Zile za mwanzo hazikuwa na picha. Picha zilishamiri baada ya serikali ya Urusi kuwaruhusu watu binafsi, mwaka 1894, kuchapisha kadi zao wenyewe, na tangu hapo hata miji ya wastani ikapata kadi zake: soko, kituo cha reli, shule ya wavulana, kanisa la Kiorthodoksi, kanisa la Kikatoliki, sinagogi, na daraja la mto. Wauzaji wa vitabu wa mjini ndio walioagiza uchapishaji, na kazi yenyewe ikafanyika mbali, kwa mfano katika kiwanda cha Scherer, Nabholz mjini Moscow au cha Granberg mjini Stockholm. Vitebsk, uliokuwa na tramu ya umeme tangu 1898, ulijivunia tramu hiyo kwenye kadi nyingi, na mtu anayezikusanya hujikuta akiujua mteremko wa kuelekea mto Dvina kana kwamba amewahi kuishi hapo.

Hadi mwaka 1904 upande wa nyuma wa kadi za Urusi ulitengwa kwa anwani peke yake. Aliyetaka kusema neno alilazimika kuliandika upande wa picha, ukingoni au juu ya mawingu. Wakusanyaji wengi wapya huziona kadi hizo kuwa zimechafuliwa, na huzikataa. Nawasihi msizikatae. Mwandiko unaopita juu ya paa la kanisa ni dalili njema kwamba kadi ni ya kabla ya mgawanyo wa upande wa nyuma, yaani kabla ya ule mstari wa katikati tulioufahamu sote, unaotenga ujumbe na anwani. Stempu nayo husaidia: kabla ya vita vya 1914, kadi ya kwenda mahali popote ndani ya Dola ililipiwa kopeki 3, na ya kwenda nchi za nje kopeki 4.

Jambo linalowachanganya wengi ni tarehe. Dola ya Urusi ilifuata kalenda ya Julian, ambayo katika karne ya 20 ilikuwa nyuma ya kalenda yetu kwa siku 13. Serikali ya Kisovieti iliiacha kalenda hiyo mwaka 1918, na siku iliyofuata Januari 31 ikaitwa Februari 14. Tuchukue kadi iliyotumwa kutoka Berlin kwenda Grodno mwaka 1910. Muhuri wa Berlin unaweza kusema Mei 18, na muhuri wa kupokelewa Grodno ukasema Mei 7, kana kwamba kadi ilifika kabla ya kutumwa. Hakuna kosa hapo. Mei 18 ya Berlin ilikuwa Mei 5 ya Grodno, na kadi ilisafiri siku mbili. Anayelielewa jambo hili anaweza kupima mwendo wa treni za wakati ule kwa kadi moja tu iliyo mkononi mwake, na anaweza pia kumgundua mghushi ambaye alisahau kuhesabu siku 13.

Kughushi kupo, na siku hizi kadi za kabla ya 1914 huchapishwa upya kwa ustadi. Chukueni kioo cha kukuzia. Kadi nyingi nzuri za wakati ule zilichapishwa kwa njia ambayo chini ya kioo huonyesha chembechembe zisizo na mpangilio, laini kama vumbi, ilhali nakala za kisasa huonyesha vitone vilivyojipanga kwa safu. Hata hivyo ushahidi wenye nguvu zaidi uko nyuma: wino uliozama kwenye nyuzi za karatasi, muhuri ulioacha alama ya mgandamizo, stempu ya thamani inayostahili kwa mwaka na safari ile. Ni rahisi kuiga picha. Kuiga safari ya kadi ni kazi ngumu zaidi.

Sasa naingia katika kipindi ambacho kwangu ndicho chenye utajiri mkubwa, nacho ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi Agosti 1915 jeshi la Ujerumani liliingia Brest-Litovsk, mji ambao Warusi waliuchoma walipokuwa wakirudi nyuma. Septemba likazitwaa Grodno, Pinsk na Vilna. Kisha mapambano yakaganda. Mstari wa mbele ulipita karibu na ziwa Naroch, ukapita Smorgon na upande wa mashariki wa Baranovichi, ukashuka hadi kwenye vinamasi vya Polesie, na kwa zaidi ya miaka miwili watu wa nchi moja wakaishi chini ya posta mbili zenye uadui.

Upande wa Wajerumani, askari alituma kadi bila kulipa. Mahali pa stempu aliandika neno Feldpost, posta ya jeshi ikagonga muhuri wake wenye namba, na mara nyingi kikosi chake nacho kikagonga muhuri wa kwake. Askari alikatazwa kutaja mahali alipo. Lakini wachapishaji waliofuata jeshi walipiga picha kila kitu, kuanzia mitaa iliyoungua ya Brest-Litovsk, misikiti midogo ya mbao ya Watatari, masoko ya Kiyahudi, wakulima wenye viatu vya magome ya mti, hadi makaburi mapya ya wanajeshi, na chini ya picha wakachapa jina la mji. Hivyo askari aliyekatazwa kusema yuko wapi alimtumia mkewe picha inayosema. Kwenye baadhi ya kadi jina hilo limefutwa kwa wino mzito, na ukiigeuza kadi dhidi ya mwanga bado unaweza kulisoma. Raia wa Grodno na maeneo ya jirani walitumia stempu za Ujerumani zilizopigwa chapa nyeusi ya maneno Postgebiet Ob. Ost, yaani eneo la posta la amri ya jeshi la Ujerumani ya mashariki, zilizoanza kutumika mwaka 1916, na kadi zao, zilizo chache kuliko za askari, ndizo ninazozitafuta kwa bidii zaidi, kwa sababu askari alikuwa mgeni na raia alikuwa mwenyeji.

Upande wa Warusi, Minsk ulijaa hospitali, wakimbizi na makarani wa jeshi, na Mogilev ukawa makao makuu ya amri kuu ya jeshi la Tsar kuanzia Agosti 1915. Kabla ya hapo makao hayo yalikuwa Baranovichi, mji ambao wiki chache baadaye Wajerumani waliuteka. Kwa hiyo ninyi mkipata kadi mbili za Baranovichi, moja ya majira ya kuchipua ya 1915 na nyingine ya mwaka uliofuata, picha zinaweza kuonyesha barabara ileile, lakini upande wa nyuma mmoja umeandikwa kwa herufi za Kisirili na kugongwa muhuri wa Tsar, na mwingine umeandikwa kwa ule mwandiko wa Kijerumani wenye ncha kali unaowatesa hata Wajerumani wa leo. Ziwekeni pamoja kwenye ukurasa mmoja, na muwageuzie watazamaji upande wa nyuma.

Amani iliyotiwa saini Brest-Litovsk tarehe 3 Machi 1918, tangazo la uhuru wa Jamhuri ya Watu wa Belarusi lililotolewa Minsk tarehe 25 Machi mwaka huohuo, na vita kati ya Polandi na Urusi ya Kisovieti vilivyofuata, vyote viliacha mihuri yake, lakini kadi za miezi hiyo ni adimu na bei zake hazimfai anayeanza. Natoa tahadhari moja tu. Zipo stempu zilizochapishwa mwaka 1920 kwa jina la kikosi cha Bulak-Balakhovich, kamanda aliyepigana dhidi ya Wabolsheviki. Hazikuwahi kuwa stempu za posta ya kawaida, na kadi inayodaiwa kusafiri kwa stempu hizo ichukuliwe kwa mashaka.

Mkataba wa Riga wa tarehe 18 Machi 1921 uliigawa nchi. Magharibi yote, pamoja na Grodno, Brest, Pinsk, Baranovichi, Lida na Novogrudok, ikaenda Polandi. Minsk na mashariki zikabaki chini ya Wasovieti. Kuanzia hapo mkusanyaji hana budi kujifunza majina mapya ya miji ileile, kwa maana hatawahi kuipata Brest ya miaka ya 1930 asipojua kuitafuta kwa jina la Brześć nad Bugiem. Kadi za upande wa Polandi ni nyingi na bado zina bei nafuu. Ziliuzwa kwenye vibanda vya kampuni ya Ruch katika vituo vya reli, na mpigapicha Jan Bułhak, mzaliwa wa eneo la Novogrudok, aliziletea heshima ya sanaa kwa picha zake za magofu ya kasri na barabara za mashambani.

Mji ambao nitasimama hapo kwa muda ni Pinsk. Kadi zake za miaka ile zinaonyesha mto Pina uliojaa mitumbwi ya wakulima wa vinamasi waliokuja sokoni na samaki, vyungu na mboga, na nyuma yao minara ya kanisa la Wajesuiti. Mtu wa pwani anayeitazama picha hiyo hahitaji maelezo. Mwaka 1932 alizaliwa humo Ryszard Kapuściński, mwandishi wa habari wa Polandi ambaye mapema katika miaka ya 1960 aliishi katika jiji letu hili akiripoti habari za uhuru wa Afrika. Wengi wa wakazi wa Pinsk walikuwa Wayahudi. Tangu Marekani ilipoufunga mlango wake kwa wahamiaji wengi kwa sheria ya mwaka 1924, familia zilitawanyika kwenda Argentina, Palestina, Afrika Kusini na popote palipofunguka, na kadi zilienda na kurudi, zikiwa zimeandikwa kwa Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki), Kipolandi, Kirusi au Kiebrania. Maneno yake ni ya kawaida kabisa: nani amejifungua, nani anaumwa, nyaraka za safari zimefika au hazijafika, mbona mmekaa kimya.

Mwishoni mwa Oktoba 1942 Wanazi waliwaua Wayahudi waliokuwa wamebaki katika geto la Pinsk, maelfu kwa maelfu, ndani ya siku chache. Baada ya hapo kadi ile inayouliza mbona mmekaa kimya haiwezi tena kuwa bidhaa tu. Huenda jina lililoandikwa kwa mkono juu yake halipo mahali pengine popote. Nimewahi kumwona mtu akikata pembe ya kadi ya aina hiyo ili apate stempu, na sina neno la upole kwa kitendo hicho. Stempu ile ilichapishwa kwa mamilioni. Kadi ni moja. Hata kanisa la Wajesuiti halipo tena, kwani lilibomolewa kwa baruti mwaka 1953, kama lilivyobomolewa kanisa kongwe la parokia la Grodno mwaka 1961 na ukumbi wa mji wa Mogilev mwaka 1957. Ukumbi wa Mogilev umejengwa upya na kukamilika mwaka 2008, na kanisa la Ufufuo la Vitebsk, lililobomolewa mwaka 1936, nalo limesimamishwa tena. Warekebishaji wa majengo kama hayo hutazama picha za zamani, zikiwamo postikadi, na ndiyo sababu mkusanyaji wa Minsk kama Vladimir Likhodedov, aliyetumia makusanyo yake ya kadi kuchapisha albamu za miji ya Belarusi, amefanya kazi ya taifa.

Upande wa mashariki, katika Belarusi ya Kisovieti ya miaka ya 1920, lugha rasmi zilikuwa nne: Kibelarusi, Kirusi, Kiyidi na Kipolandi. Jina la mji mkuu kwa Kibelarusi liliandikwa Mensk hadi mwaka 1939, na muhuri wenye tahajia hiyo ni alama ya tarehe isiyokosea. Kadi za picha za huko ni chache kuliko za magharibi, lakini ujumbe ulioandikwa kwa Kibelarusi hupatikana zaidi hapa kuliko katika miongo iliyofuata.

Vita vya Pili vya Dunia navipita haraka, kwa kuwa sipendi kuviona vikichezewa sokoni. Stempu zenye kichwa cha Hitler na chapa ya neno Ostland, jina la utawala wa Wanazi katika maeneo hayo, ndizo zilizotumika Minsk wakati wa ukaliaji hadi mji ulipokombolewa tarehe 3 Julai 1944. Vitu vya bandia ni vingi. Anayetaka kuingia humo aingie na mtaalamu.

Baada ya vita ndipo tunapofika kwenye kadi ambazo kila mmoja wenu anaweza kuzipata kwa bei ya chai na andazi, nazo ni kadi za Kisovieti za kuanzia miaka ya 1950 hadi 1991. Watu waliandikiana Mwaka Mpya, Machi 8 ya wanawake, Mei Mosi, Mei 9 ya ushindi wa vita na Novemba 7 ya mapinduzi. Wachoraji mashuhuri, kama Vladimir Zarubin mwenye vikaragosi vya sungura na dubu, walichorea nchi nzima, kwa hiyo upande wa mbele wa kadi iliyotumwa Gomel ni sawasawa na wa kadi iliyotumwa Vladivostok. Hapa hoja yangu inajithibitisha yenyewe, maana kilichoifanya kadi hiyo kuwa ya Belarusi kiko nyuma peke yake. Tazameni kwanza maandishi madogo ya mchapishaji, yanayotaja mwaka, idadi ya nakala na bei. Tazameni anwani, inayoanza na mahali na kuishia na jina la mtu, kinyume cha desturi yetu. Tazameni tarakimu sita za posta zilizoenea katika miaka ya 1970, zikiandikwa kwa umbo la pembepembe ndani ya vitone vilivyochapwa ili mashine izisome: zinazoanza na 220 ni za Minsk, 210 Vitebsk, 212 Mogilev, 224 Brest, 230 Grodno na 246 Gomel.

Pale muhuri unapokuwa umefifia, jina la barabara husaidia. Barabara kuu ya Minsk ilikuwa ya Stalin kuanzia 1952, ikawa ya Lenin mwaka 1961, ikawa ya Skaryna, mchapishaji wa Biblia wa karne ya 16, mwaka 1991, na tangu 2005 inaitwa barabara ya Uhuru. Bibi mmoja aliyekaa katika nyumba moja maisha yake yote alipokea kadi zenye anwani nne tofauti bila kuhama.

Salamu za kadi hizo hufanana. Mtumaji hutakia afya, furaha, mafanikio kazini, na mbingu ya amani juu ya vichwa vyenu. Nilipoanza kuzisoma kwa kusaidiwa na kamusi niliona maneno hayo ya mwisho kuwa ya kawaida tu. Lakini hesabu rasmi ya Kisovieti ilisema kwamba Belarusi ilipoteza mtu mmoja kati ya kila wanne katika vita. Katika kumbukumbu ya Khatyn, kijiji ambacho watu 149 waliuawa tarehe 22 Machi 1943, imepandwa miti mitatu ya mbetula, na mahali pa wa nne panawaka moto usiozimwa. Mtu wa Belarusi aliyeandika maneno yale mwaka 1975, ikiwa amefikia umri wa miaka arobaini, alikuwa ameiona mwenyewe mbingu isiyo na amani.

Hapo pia kuna kiungo chetu cha kweli. Wanafunzi kutoka Afrika, wakiwamo wa Afrika Mashariki, walisoma katika vyuo vya Minsk wakati wa Kisovieti, wakajifunza udaktari, uhandisi na kilimo, na wakaandika nyumbani. Kadi zao zina picha ya uwanja wa Ushindi wenye nguzo ya mwaka 1954, stempu ya Kisovieti, na anwani ya sanduku la posta la Tanga, Kisumu au Kampala. Zinakaa katika masanduku ya bati ya wazazi wetu, na hakuna mfanyabiashara wa Ulaya anayezijua. Waulizeni wazee waliosoma huko, na kabla hamjaomba kadi, ombeni masimulizi yake, myaandike pembeni kwa jina la aliyesimulia akiridhia.

Tarehe 26 Aprili 1986 kituo cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka upande wa pili wa mpaka, katika Ukraine, na upepo ukaipelekea Belarusi sehemu kubwa ya mabaki ya mionzi. Vijiji vingi vya kusini mwa mkoa wa Gomel vilihamishwa, na sehemu ya ardhi hiyo ikafanywa hifadhi maalumu mwaka 1988. Kijiji kilipohamishwa, posta yake ilifungwa na muhuri wake ukasitishwa. Kadi ya Mwaka Mpya ya 1985 yenye muhuri wa kijiji cha namna hiyo haina thamani kubwa sokoni, kwa sababu wauzaji wengi hawasomi majina ya vijiji. Ninyi someni. Wekeni ramani ya zamani ya mkoa karibu nanyi, na kila muhuri mdogo usioufahamu utafuteni.

Belarusi huru ilitoa stempu yake ya kwanza tarehe 20 Machi 1992, yenye msalaba wa Mtakatifu Euphrosyne wa Polotsk, kazi ya mfua dhahabu ya mwaka 1161 iliyopotea Mogilev mwaka 1941. Mfumuko wa bei wa miaka iliyofuata unaonekana kwenye kadi bila kufungua kitabu cha uchumi: chapa mpya za thamani juu ya stempu za zamani, sufuri zikiongezeka, baadaye herufi mahali pa thamani, na hatimaye tarehe 1 Julai 2016 rubli 10,000 za zamani zikageuka kuwa 1 mpya. Tangu mradi wa Postcrossing, wa kutumiana postikadi duniani, ulipoanzishwa na Mreno Paulo Magalhães mwaka 2005, watu wa Belarusi wamekuwa miongoni mwa waandikaji wenye bidii, na nchi yao imetoa stempu za kuuenzi mradi huo. Kadi hizo mpya zenye kasri la Mir, kasri la Nesvizh au nyati wa msitu wa Belovezha ni mahali pazuri pa kuanzia, na hupatikana kwa kubadilishana bila fedha nyingi.

Sasa niseme kuhusu utunzaji, kwa kuwa karatasi iliyozoea baridi ya Minsk haikuumbwa kwa hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja. Unyevu huleta kuvu, na kuvu huanza upande wa nyuma, palipo na gundi ya stempu. Msibandike kadi kwenye albamu kwa gundi wala kwa selotepu. Kadi iliyobandikwa imepoteza nusu yake yenye thamani. Tumieni mifuko ya plastiki ya polista, si ile laini yenye harufu inayonata kwenye wino. Wekeni vipakiti vya kunyonya unyevu, mvibadilishe wakati wa masika, na mfungue makasha mara kwa mara ili mende na wadudu wa karatasi wasipate raha. Msisafishe maandishi, msinyooshe kwa pasi, msibandue stempu, wala msiandike kwa kalamu ya wino. Maelezo yenu yaandikwe kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni: mlikoipata, tarehe ya muhuri, lugha, na maana ya ujumbe kadiri mlivyoielewa. Mkipiga picha, pigeni pande zote mbili.

Na kuna jambo la adabu. Kadi ya mwaka 1908 imekwishatoka katika siri za wenyewe, lakini kadi ya mwaka 2015 ina jina na anwani ya mtu ambaye huenda yuko hai na hakuomba kuonyeshwa hadharani. Mnapoionyesha mtandaoni, funikeni anwani na jina. Ujumbe unaotaja ugonjwa, deni au maoni ya siasa usionyeshwe kabisa, maana katika nchi ile neno lililoandikwa kwa nia njema linaweza kumletea mwandishi wake taabu.

Nimeweka mezani kadi za vipindi vyote nilivyovitaja, isipokuwa kile cha ukaliaji wa Wanazi, na zote zimelazwa picha chini. Vioo vya kukuzia vipo, na jedwali la herufi za Kisirili na za Kiyidi lipo kando yake kwa ajili ya wanaotaka kusoma mihuri wenyewe. Tafadhali zishikeni kwa kingo, mikono ikiwa mikavu, na kila atakayelitambua jina la kijiji ambalo mimi sijaliandika kwenye karatasi ya pembeni, aniite tulitafute pamoja kwenye ramani.

Asanteni kwa kunisikiliza.